Kafuri, Pamba na Kamba: Miaka Yangu pa Geti ya Wanawake

Ninyi wasichana munaokaa sasa pa geti, muliniomba niandike namna tulivyokuwa tunafanya kazi. Mulifanya kosa, maana nitaandika kweli. Nilisoma mpaka primere ya tatu, halafu baba akasema minerval, ile feza ya masomo, ni ya wavulana. Kwa hiyo nikikosea herufi muniachie. Nikikosa adabu, mujue ni kwa kusudi.

Ya mishahara sitasema. Munaijua, na habari yake ni fupi. Ya vyeo pia hakuna: nilianza nikiwa mupekuzi wa wanawake pa bandari ya Kalemie, nikamaliza nikiwa mupekuzi wa wanawake pa bandari ya Kalemie. Kati hapo nilipewa jile mbili, zile koti za kazi zisizo na mikono, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo.

Siku ya kwanza kulikuwa na meli kutoka Kigoma, wamama wamejaa na mabeseni, na mimi nyuma ya pazia la turubai. Aliyenipokea ni Mama Kabwe, Mutabwa kwa kabila, mwenye mabega mapana, Mukatoliki wa misa ya kila asubuhi. Alikuwa amekaa pa geti ile miaka mingi kuliko pazia lenyewe. Akaniangalia nikimupekua mama wa kwanza, akanivuta kando.

«Mama Zawadi, unafanya nini pale? Yule ni muntu, haiko unga wa kukanda.»

«Natafuta, Mama.»

«Unatafuta nini?»

«Sijui.»

«Ah. Hiyo njo shida yako. Muntu asiyejua anatafuta nini, atapata kila siku.»

Akanifundisha. Kwanza unaonyesha mikono yako, mbele na nyuma, ili mwenye kupekuliwa aone huna kitu cha kumuwekea. Unasema jina lako. Unaomba ruhusa, hata kama sheria inakuruhusu, sababu sheria haina mwili. Unaanza pa mabega, unashuka pa mbavu, kiunoni, miguuni. Kichwa ni mwisho. Na kitu cha kichwani anakitoa mwenyewe, nyuma ya pazia, mwanaume asione. Ikuwe kitambaa cha sista, ikuwe wigi ya bibi arusi, ikuwe mutandio, ikuwe kitambaa cheusi cha mufiwa: mambo ni moja.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Meza. Pazia. Sindano ndefu ya kuchomea magunia ya unga. Halafu kuna mwaka tulipewa ile fimbo ya umeme ya kulialia ikikuta chuma. Ililia kwa kila sidiria ya Kalemie. Pili zake, yaani betri, zilikufa, tukaendelea kuibeba kwa ajili ya heshima tu.

Mama Kabwe hakuitaka fimbo. Yeye alikuwa anaangalia mwendo. Alisema muntu mwenye muzigo mubaya anaulinda kuliko mutoto wake. Na alisema kweli, maana njo ile kesi ngumu ya kwanza niliyoiona kwa macho.

Alipita mama mumoja na mutoto mugongoni. Mutoto analia, ametoka makamasi, na mama hageuki. Mukono wake uko kiunoni tu. Mama Kabwe akamuita nyuma ya pazia, akamuonyesha mikono, akaomba ruhusa, akaanza pa mabega. Kufika kiunoni akasimama. Mule ndani ya mushipi wa kikwembe chake cha kujifunga kulikuwa na risasi, zimeshonwa moja moja, sawa mbegu za malenge. Mama yule alikuwa na rozari shingoni, ndefu, inafika kitovuni. Mama Kabwe alimujua. Walikuwa wanaimba pamoja mu korali. Askari walipomuchukua, Mama Kabwe alikaa pa kiti akalia kwanza, halafu akasimama akaita: «Anayefuata!»

Kesho yake wamama wenye rozari walipita pa geti sawa siku zote. Hakuna shefu aliyesema wale wa rozari wakae kando. Hakuna aliyeniuliza kama korali ile inafundisha kubeba risasi. Na ilikuwa haki. Ninawaandikia kwa herufi kubwa kadiri naweza: ILIKUWA HAKI. Mulishike hilo, maana sasa nafika pa ile sehemu yenyewe.

Mama Kabwe alipumuzika kazi, magoti yalimushinda. Shefu wetu wa zamani naye akahamishwa. Akaja Shefu Mupya. Jina lake naliacha, ana watoto wanasoma mu muji huu. Alikuwa kijana, musafi, viatu vinang'aa hata siku ya matope, na ulikuwa muda wa habari mbaya za kaskazini, watu wanachinjwa mashambani, picha zinaruka kutoka simu moja kwenda ingine. Wauaji wale walisema wanaua kwa ajili ya dini yangu.

Mimi nilizaliwa Muislamu, hapa Kalemie, baba yangu alifanya kazi ya reli na alikuwa anaswali kati ya vipande viwili vya chuma, wenzake Wakristo wanamuchungia treni. Njo Uislamu ninaoujua. Wale wa kaskazini, walipotaka kuua, hawakuja kuniuliza. Lakini walipomaliza, watu walikuja kuniuliza mimi. Mu soko: «Mama Zawadi, mbona watu wenu wako vile?» Watu wetu! Mimi sijawahi kufika hata Uvira.

Shefu Mupya hakujua. Mimi kazini nafunga kitambala sawa kila mama, fundo nyuma, sababu mutandio unakuangukia ukiinama pa mizigo. Zawadi ni jina la mutoto yeyote. Basi akaniita mu biro, ofisi yake, akanipa kaye, daftari mupya yenye ganda jekundu.

«Mama Zawadi, kuanzia leo wale wanawake wa kujifunika wapitie kando, pale ukutani. Unaandika jina, wanatoka wapi, wanaenda kwa nani, wanasali musikiti gani.»

«Na wamasista?»

«Wamasista gani?»

«Wale wa kujifunika.»

Akacheka. Alidhani nimefanya muchezo. Mimi sichekagi kazini, muulize muntu yeyote.

Sasa nitawaambia kitu ambacho ningetaka kukiruka. Niliandika. Nilichukua ile kaye na kalamu, nikakaa pa ukuta, nikaandika majina ya wanawake kumi na mumoja kwa wiki moja. Nilijiambia ni afadhali niandike mimi kuliko muntu mwingine. Nilijiambia wajukuu wanakula kwa ajili ya hii jile. Muoga hakosi maneno. Wa kumi na mumoja alikuwa Mama Asha, jirani yangu, ambaye siku ya Ijumaa bega lake liko pa bega langu mu safu ya wanawake. Alikuwa anaenda Moba kuangalia binti yake aliyezaa. Akasimama pa ukuta, jua linamupiga, watu wanapita wanamuangalia sawa mwizi wa kuku.

«Andika, mwenzangu,» akaniambia polepole. «Na wewe, utaandikwa na nani?»

Ijumaa ile sikuenda musikitini. Nilisema miguu inaniuma. Miguu haikuwa na kitu.

Wiki iliyofuata, saa tatu ya asubuhi, akaja Rehema.

Alikuwa musichana wa miaka ishirini na kitu hivi, macho mekundu, amevaa mutandio wa rangi ya udongo. Anataka boti ya Kabimba, na boti ya Kabimba siku ile ilikuwa moja, inaondoka saa ine. Mama yake alikufa kule alfajiri. Kaka zake walimupigia simu: lete vitu, lete haraka, Kabimba hatuna sanda. Kwetu maiti hangoji. Tunazika siku ileile, jua likiwa bado. Na mwanamuke anaoshwa na wanawake. Kaka hawezi kumuosha mama yake. Rehema njo alikuwa binti mumoja tu. Akikosa boti, mama yake analala bila kuoshwa, ao anazikwa na harufu ya ugonjwa. Alinieleza yote hayo kwa pumuzi moja, pale pa foleni, na mimi nilikuwa bado sijafungua mudomo wangu wakati Shefu Mupya alipofika kwa viatu vyake.

«Huyu, pa ukuta. Na hiyo sakoshi, hapa.»

Akaimwaga juu ya meza. Kitambaa cheupe, kimekatwa vipande, hakijashonwa. Kamba nyembamba za nguo ileile, zimeviringwa. Pamba nyingi. Chupa ndogo ya maji ya rangi. Karatasi yenye unga wa kijani. Karatasi ingine yenye vipande vyeupe, vinavunjika sawa chokaa, na harufu kali iliyomupiga puani mpaka akarudi nyuma.

«Hii ni nini?» Sauti yake ilipanda. «Unga! Kamba! Pamba! Chupa! Wanajifunza mu simu namna ya kutengeneza bomu! Musiguse! Watu watoke!»

Mungu wangu. Muliwahi kuona bandari nzima ikikimbia? Mabeseni ya ndakala, wale dagaa wa ziwa, yakamwagika, wazee waliokuwa na mikongojo walipata miguu. Askari wawili wakamushika Rehema mikono. Hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia tu ile sanda ya mama yake pa meza chafu, na boti nyuma.

Njo hapo mukono wangu ulienda wenyewe. Nikachukua kipande cheupe, nikakisaga kati ya vidole, nikajipaka pa shavu.

«Mama Zawadi! Weka chini!»

«Shefu, hii ni kafuri.»

«Weka chini, nimesema!»

«Kafuri. Tunaweka pa paji la uso la maiti, pa mikono, pa magoti, pale panapogusa chini akiswali. Ile ya kijani ni majani ya mukunazi, ya kuogeshea. Pamba ni pamba. Kamba ni za kufungia sanda. Chupa ni marashi, na ni ya bei ya chini, nasikia harufu. Kama hii ni bomu, Shefu, mimi nimeishawavalisha bomu nusu ya wamama wa muji huu, na wote walilala kimya kabisa.»

Nyuma ya mapipa muntu mumoja akacheka. Alikuwa Mama Furaha, Mubembe, mulokole, muuza ndakala. Kichwa chake kikatokea juu ya pipa.

«Ni kweli, Papa Shefu! Jirani yangu alizikwa na hiyo! Nyumba ilinukia wiki nzima! Kuja uniokotee ndakala zangu sasa!»

Shefu aliniangalia. Aliangalia shavu langu jeupe.

«Unajuaje haya yote?»

«Mimi njo naosha. Miaka yote hii, siku ya kupumuzika, naosha wamama wa musikiti wetu.»

«Wewe ni...»

«Mimi ni Muislamu. Sema, neno halitakuunguza ulimi. Umekaa na mimi miezi ine, umekula mihogo yangu.»

Nilidhani imekwisha. Lakini muntu aliyefukuza bandari nzima juu ya pamba hawezi kurudi haraka. Aibu inamusukuma mbele. Akasema musichana angoje mpaka komanda wa bandari atoke mu mukutano. Mukutano ulikuwa wa saa ngapi? Hajui. Na majina yetu wawili yaandikwe mu kaye, yangu pia, na nieleze kwa nini nilijificha.

«Sikujificha. Haukuuliza. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekuambia, na ungenipa kazi ileile ya kuandika wenzangu, na labda ningekubali pia, maana nilikuwa muoga. Leo hapana.»

Motere ya boti ikawaka. Kapteni akapiga filimbi.

Ukutani, nyuma ya kichwa cha Shefu, kulikuwa na kanuni za geti, zimebandikwa toka wakati wa Mama Kabwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Shefu alikuwa anazipa mugongo kila siku. Mimi nilikuwa naziangalia kila siku. Nikaanza kusoma kwa sauti, na mimi nasoma polepole, kidole hewani, sawa mutoto wa primere: «Mwa-na-mu-ke a-na-pe-ku-li-wa na mwa-na-mu-ke. Mu-pe-ku-zi njo a-na-se-ma a-pi-te ao a-si-pi-te.» Watu walikuwa wameanza kurudi. Hakuna aliyecheka usomaji wangu.

Nikamuendea Rehema. Nikawaambia askari: «Muachieni, nipekue.» Wakamuachia, mumoja wao nilimupekulia mama yake mara nyingi. Nikamupeleka nyuma ya pazia. Nikamuonyesha mikono. Nikamuambia jina langu. Nikamuomba ruhusa. Mabega, mbavu, kiuno, miguu. Mutandio alitoa mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu. Simu ilimukuta pa kiti cha mususi. Nikapekua vizuri, wasichana, musidhani nilimufanyia upendeleo. Nilipekua sawa siku ya mutihani.

Tukatoka. Nikasema kwa sauti ya geti: «Nimepekua. Apite.»

Shefu akasema, «Mama Zawadi, ukimupitisha huyo, utajibu kwa maandishi.»

«Nitajibu.»

Nikakunja sanda. Nikaifuta meza kwanza kwa jile yangu, halafu nikaikunja. Tulikuwa pa ubao wa boti wakati Rehema alinishika mukono.

«Bibi, mimi sijui kuosha. Sijawahi. Kabimba kuna mama mumoja tu wa dini, na macho hayaoni tena.»

Kapteni akapiga kelele, «Mama, unapanda ao unashuka? Boti haiko kanisa, haina mahubiri!»

Nikapanda. Na jile, na fimbo ya kulialia mukononi, ile isiyolia. Mama Furaha akapiga kigelegele kule nyuma, hata sijui juu ya nini. Nadhani juu ya ndakala zake, maana Shefu alikuwa ameinama anaokota.

Kabimba paa za nyumba ni nyeupe, vumbi ya simenti. Tulifika jua likiwa limeishaanza kuteremuka. Makaburi pale ni mwamba, na waliochimba walikuwa wanaume wa karieri ya mawe, nusu yao Wakristo, wanaofanya kazi pamoja na kaka za Rehema. Walishachimba nusu kabla sanda haijafika, kwa kuamini tu kwamba itafika. Nikamuweka Rehema kushoto kwangu, yule mama kipofu pa kichwa, anasoma dua. Unamufunika maiti kutoka kitovu mpaka magoti, unafunga mukono kwa kitambaa, unaosha chini ya nguo bila kuangalia. Ni kazi ileile ya mikono, ila huyu hana cha kuficha tena. Rehema alianza kwa woga, maji yanamwagika mbali. Nikamuambia, «Ni mama yako. Alikuosha wewe kwanza.» Akaosha. Tulimupaka kafuri pa paji la uso, pa pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Tukafunga kamba. Kaka zake wakaingia, wakamubeba. Udongo wa mwisho ulitupwa jua likiwa kidole kimoja juu ya milima. Rehema aliwahi.

Boti ya kurudi ilikuwa kesho yake. Pa geti nilikuta barua inangoja: demandi ya esplikasyo, yaani nijieleze kwa maandishi, na mwezi mumoja wa kukaa nyumbani bila kazi. Mwezi ule wenzangu wawili walishika kazi peke yao. Shefu akawapa ile kaye ya ganda jekundu. Mumoja akasema hajui kuandika. Wa pili akasema vilevile, na yule ana diploma ya Eta, ya mwisho wa sekondari. Ni Wakristo wote wawili, mukitaka kujua, na mimi sikuwaomba. Kaye haikupata jina la kumi na mbili.

Na mimi sikukaa nyumbani. Nilitembea kwa wale kumi na mumoja, nyumba kwa nyumba. Wale wa mbali niliwatumia ujumbe kwa muntu anayeenda kwao. Nilisema: mimi njo niliandika jina lako, nimekuja uniambie unavyotaka. Wengine walinipa kiti. Mumoja alinitukana vizuri sana, kwa Kiholoholo, nikasikiliza mpaka mwisho. Mama Asha aliniacha nisimame pa baraza mpaka nimemaliza, akafunga mulango. Mpaka leo mu safu anasimama mbali na mimi. Ni haki yake, na ninyi musijaribu kutupatanisha.

Kuna watu wataniambia: lakini Mama, kama siku moja kweli atapita mwenye bomu? Basi mumupekue! Njo munapewa jile. Mupekue mwenye mutandio, mupekue mwenye rozari, mupekue muke wa shefu, wote pa mabega kwanza. Mukipoteza macho yenu kwa kitambaa cha muntu, yule wa risasi atapita anawasalimia. Na musiandike kaye ya watu wa Mungu huyu na watu wa Mungu yule. Kama wakiwalazimisha, mukatae kuanzia jina la kwanza, musingoje la kumi na mumoja sawa mimi.

Mwezi ulipokwisha nilipeleka jibu langu. Nililiandika mwenyewe, sikumupa mujukuu kalamu. Shefu Mupya alilisoma amesimama. Liliandikwa hivi:

«Shefu. Nilimupekua. Hakuwa na kitu kibaya. Mama yake alikuwa amekufa, tukamuosha, tukamuzika jua likiwa bado. Kaye yako sitaandika tena. Ni mimi, Muislamu, mupekuzi wa geti ya wanawake.»

Akageuza karatasi kuangalia kama kuna ingine nyuma.

«Haukuomba musamaha,» akasema.

«Niliishaomba, Shefu. Kwa wale kumi na mumoja.»